Hawa watengenezaji wa famuwea za UEFI huwa wanapima kazi yao wapi, kwa ndoto?

Wasee nimefungua huu uzi nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Mimi na mabeste tunaandika keneli yetu ndogo (kiini cha mfumo endeshi) hapa Nairobi, na tumefika mahali pa kuiwekea zile huduma za UEFI (famuwea ya kuwasha kompyuta, iliyorithi BIOS) zinazobaki hai hata baada ya mfumo kuwaka, runtaimu savisi. Kwa karatasi ni kitu kidogo tu. Unaita ExitBootServices, famuwea inakuachia mashine, unabaki na huduma chache za kuita: GetTime ya saa, GetVariable na SetVariable za kusoma na kuandika vitu kama BootOrder (mpangilio wa kuwaka), ResetSystem ya kuzima ama kuributi, na zingine kidogo. Wameandika sheria wenyewe, kurasa zaidi ya 2,000, halafu wenyewe hawazifuati!

Hebu angalieni memori. Sheria inasema sehemu zilizowekwa alama ya EfiBootServicesCode na EfiBootServicesData zinakuwa za keneli ukishamaliza ExitBootServices, tumia upendavyo. Sawa, tukazichukua, tukaendelea, tukaita SetVirtualAddressMap ndio famuwea ihamie anwani pepe (anwani za memori anazopanga keneli), mara paap, peji folti (kosa la kugusa memori isiyoruhusiwa), kuangalia anwani ni ndani ya memori ileile tuliyoachiwa. Famuwea bado inapapasa huko! Ni kama landilodi akupe funguo za nyumba halafu usiku umpate jikoni anatafuta sufuria zake. Na si siri, Linux kwa x86 (prosesa za Intel na AMD) huwa inazishikilia hizo sehemu mpaka SetVirtualAddressMap imalize ndio inaziachilia, yaani keneli inayotumika dunia nzima imebebeshwa mzigo wa watu wengine na hakuna mtu anashtuka.

Alafu hiyo SetVirtualAddressMap yenyewe unaruhusiwa kuiita mara moja tu kila mashine ikiwaka. Ukirusha keneli nyingine kwa kexec (kuwasha keneli mpya bila kupitia famuwea tena) hiyo ya pili haiwezi kuiita tena, ndio maana Linux ya x86-64 iliamua kuweka famuwea kwa anwani zisizobadilika ili keneli inayofuata izikute palepale. Mtu atasema basi usiiite, baki na anwani halisi, sheria inakubali. Ndio inakubali, lakini Windows huwa inaiita, na inaonekana kipimo cha hawa watu ni kimoja tu, Windows imewaka? Imewaka. Pakia kwa boksi. Ukipita njia nyingine yoyote uko pekee yako. Na hata ukiiita kuna famuwea inaendelea kutumia anwani za zamani kana kwamba haikuambiwa kitu, so lazima uache maping zote mbili, ya anwani za zamani na ya mpya.

Kuhusu rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) sina noma, kwa x86-64 vitu unavyoipa famuwea vinaingia kwa rcx, rdx, r8 na r9 badala ya rdi na rsi, imeandikwa wazi, unaandika kijidaraja cha asembli unasonga. Saa ndio kichekesho. GetTime, kusoma saa tu jameni, imeharibika kwa mashine nyingi mpaka Linux kwa x86 haiitegemei, inaenda kusoma saa ya CMOS ya kwenye bodi moja kwa moja kama zamani za BIOS.

Lakini yenye inaninyima usingizi ni SetVariable, kwa sababu hapo unaweza kuua mashine kabisa. 2013 kulikuwa na laptopu za Samsung zilikufa, ikabidi Linux iweke kizuizi isijaze ile NVRAM, memori ya bodi ambamo vigeu vya SetVariable hukaa. 2016 tena ikajulikana kwamba rm -rf (amri ya kufuta kila kitu) ikipita ndani ya efivarfs, folda ambapo Linux huonyesha vigeu hivyo kama faili, kuna laptopu haiwaki tena, na Linux 4.5 ikafanya hizo faili zisifutike hivi hivi. Fikiria, kufuta faili kunaua bodi! Hapa kwetu hiyo ni kupeleka laptopu kwa fundi wa Luthuli Avenue aondoe chipu ya BIOS aiandike upya, na pesa ni yako.

Sasa nikiuliza watu ninajibiwa "si uapdeti BIOS". Apdeti gani? Hizi ni laptopu za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) tumenunua Moi Avenue, mwenye kuitengeneza alishaacha kutoa apdeti kitambo, na zingine bado zina paswadi ya BIOS ya ofisi iliyozitupa huko ng'ambo. Na wewe wa "kwangu inafanya", unatumia QEMU na OVMF (kompyuta ya kuigiza na famuwea yake), huko kila kitu hupita, huko hata mimi ni fundi.

Kwa hivyo tumeishia kuandika uchafu: peji tebo (ramani ya anwani) ya famuwea pekee, kufuli moja kwa miito yote ya huduma hizo, na thredi moja ya keneli ya kuziita, ikitokea peji folti tunazima huduma zote mpaka mashine iwashwe upya. ResetSystem ikigoma tunajaribu ACPI (njia nyingine ya kuributi mashine), nayo ikigoma tunaandika 0xFE kwa poti 0x64 ya kidhibiti cha kibodi. Hiyo ya kibodi, ya enzi za babu, ndio haijawahi kutuangusha.

Mwenye ana ex-UK ambayo SetVirtualAddressMap inapita bila kugusa memori isiyo yake aweke hapa modeli, toleo la famuwea na memori mapu yake. Na wa "apdeti BIOS" aje na linki ya hiyo apdeti kwanza ndio tuongee.