Siku 4 Nairobi na watoto wadogo, tukitokea Malindi: tupange vipi?

Mama Twahir (Shella, Malindi)

Assalam aleikum jamaa. Likizo ya Agosti, inshallah, twaenda Nairobi siku 4: mimi, baba watoto na watoto 3, wa miaka 9, 6 na 3. Mkubwa ataka ndovu. Wa kati kasikia kuna twiga wanaolishwa kwa mkono, basi nyumba nzima haina wimbo mwingine. Mdogo bado hulala adhuhuri, na akikosa usingizi huo jioni hakukaliki.

Gari hatuna. Nauliza: treni au basi la usiku? Tukae mjini kati au pengine? Na Mbuga ya Nairobi yafaa kwa mtoto wa miaka 3, au ni pesa za bure?

Abu Rayyan

Waaleikum salaam dada. Nairobi haihesabiwi kwa kilomita, yahesabiwa kwa foleni. Wageni wengi huandika mahali 10 kwenye karatasi, kisha watoto wakashinda kwenye viti vya teksi. Ugawe mji kwa pande, na kila asubuhi ushike upande mmoja tu.

Ndovu na twiga wote wako upande wa Lang'ata na Karen, kwa hiyo msilale mjini kati. Tafuteni nyumba ya kukodi South C, katikati ya barabara ya Mombasa na ile ya Lang'ata. Misikiti iko, chakula cha halali kiko mlangoni, na asubuhi wakati magari yanamiminika kuingia mjini nyinyi mwatoka.

Mpango wa siku ya kwanza ufuate saa ya ndovu, kwa sababu hiyo haibadiliki. Makao ya ndovu yatima ya Sheldrick Wildlife Trust hupokea wageni saa moja tu kwa siku, kuanzia saa 5 hadi saa 6 mchana, kila siku isipokuwa Desemba 25. Ni lazima uwe umehifadhi nafasi kwenye tovuti yao. Fanya hivyo kabla hata ya kukata tiketi ya treni, maana wakati wa likizo nafasi huisha.

Kosa linaloharibu siku ni geti. Mwambie dereva geti la Mbagathi, barabara ya Magadi. Ukimwambia "KWS" (shirika la wanyamapori la serikali) atakupeleka geti kuu la barabara ya Lang'ata, na hadi mzunguke mrudi, nusu ya saa yenu imekwisha.

Fikeni saa 4 na nusu mshike nafasi penye kamba. Mtoto wa miaka 3 akiwa safu ya nyuma ataona migongo ya watu. Kundi la ndovu wadogo hutangulia, waja mbio kutoka kichakani, mkonga juu, kila mmoja akimkimbilia mtunzaji aliyeshika chupa ya maziwa. Chupa huisha kwa dakika chache, kisha huanza kujitupia mchanga mwekundu na kugaagaa kwenye tope. Wengine husogea hadi kwenye kamba, kwa hiyo msivae nguo nyeupe.

Twiga wawe kabla ya ndovu, si baada. Giraffe Centre hufungua saa 3 asubuhi. Mkiwa pale wakati huo twiga bado wana njaa, na makundi ya shule hayajafika. Ondokeni saa 4 kamili. Saa 6 mkitoka kwa ndovu, mdogo atasinzia ndani ya teksi kabla hamjafika nyumbani, na hapo usingizi wake wa adhuhuri umepatikana bila vita.

Dereva wa Barani

Dada, panda treni. Basi la usiku lina raha ya kukuchukua hapa hapa Malindi, lakini choo ni pale dereva atakaposimama, na mtoto wa miaka 3 hangoji Mtito Andei. Ndani ya treni vyoo viko.

Chukueni ya saa 9 alasiri kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wakubwa 2 na watoto 3 inakuja 5,250 kwenda. Waweza kukata kwa simu kupitia *639# na kulipa kwa M-Pesa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, yakitofautiana utasumbuka mlangoni.

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, ila kinachokula wakati ni Mtwapa hadi Nyali, kisha kuvuka kisiwa hadi Changamwe. Tokeni saa 2 asubuhi. Mkiweza kukodi gari la watu 7, mwambieni dereva akate Mavueni, apite Kaloleni hadi Mazeras. Mtatokea karibu na Miritini bila kukanyaga kisiwani. Njia hiyo ina vilima na kona, kwa hiyo mtoto anayetapika garini asishibishwe kabla ya kuondoka. Mpe mkate mkavu, na chai ya maziwa ingoje.

Stesheni mtaambiwa mpange mizigo chini kwa mstari, mbwa wainuse, kisha ipite kwenye mashine. Waambie watoto mapema kuhusu mbwa ili wasije wakapiga mayowe. Kisu hakipiti, kwa hiyo maembe yakatwe nyumbani.

Mkiweza, kaeni upande wa kulia mkielekea Nairobi. Baada ya Voi upande huo ni Tsavo Mashariki, na jua la jioni liko kushoto, hivyo kioo hakiwapigi machoni. Reli imeinuliwa juu ya tuta, mtoto aona mbali. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka. Na wale yatima wa Sheldrick wakikua hurudishwa Tsavo hiyo hiyo, basi mweleze mkubwa wako, ataunganisha mwenyewe.

Mtashuka Syokimau, stesheni ya Nairobi, usiku, baada ya saa 2. Iko treni ndogo ya kuwafikisha mjini kati, lakini kwa South C haiwasaidii. Chukueni teksi moja kwa moja kwa barabara ya Mombasa.

Siku ya pili nendeni Mbuga ya Nairobi alfajiri. Miji utakamomwona kifaru na nyuma yake maghorofa ni nadra.

Mwana Langoni (Lamu)

Kwa hilo la mbuga, kakangu, sikubaliani nawe. Mtoto wa miaka 9 atafurahi, wa miaka 3 atateseka. Mbuga ni kilomita za mraba 117, mwazunguka kwa muda wa saa 3 au 4, na hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu chache zilizotengwa. Ukikodi gari dogo la chini, mtoto haoni kitu ila majani. Tena ndovu wa porini hawamo humo kabisa, ni wale yatima tu, na mama Twahir asema mkubwa ataka ndovu.

Mahali pa watoto hawa ni Nairobi Safari Walk, hapo hapo geti kuu la KWS, barabara ya Lang'ata. Ni njia ya mbao iliyoinuliwa, mwatembea kwa miguu na wanyama wako chini yenu: simba, duma, kifaru, na bongo (aina ya swala mkubwa). Kigari cha mtoto chapita. Mkichoka mwageuka, hakuna dereva wa kubembelezwa. Ingieni saa 3, jua likipanda simba na duma hulala vichakani. Jirani yake kuna makao ya wanyama yatima yaliyofunguliwa mwaka 1964, lakini tiketi ni mbali mbali, na kwa asubuhi moja mahali pamoja patosha. Kutoka mjini matatu za Rongai, 125 na 126, hupita mbele ya geti.

Malipo ya KWS ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, noti hazipokelewi. Beba kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu bei ya Mkenya na ya mgeni ni tofauti sana, na ya mtoto ni nyingine.

Kuhusu twiga, kuna jambo wazazi hawaambiwi. Mtoto akiwa amesimama karibu na twiga bila chakula mkononi, twiga humsukuma kwa kichwa, na kichwa kile ni kizito. Mpe tembe za lishe moja moja, kiganja wazi, na zikiisha mrudishe nyuma hatua 2 papo hapo. Ulimi una urefu wa kama sentimita 45, mweusi wa zambarau, wakwaruza kidogo na umejaa mate. Mdogo akiogopa usimlazimishe. Mbebe, ulishe wewe, yeye atazame.

Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, yawekeni Jumapili, siku ambayo mwaweza kuvuka mji bila foleni. Hufunguliwa saa 2 na nusu hadi saa 11 na nusu. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na akafa 1974. Mfikisheni mtoto chini ya pembe zile ajipime. Ndani kuna Mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu iliyofukuliwa 1984. Chumba hicho ni cha mkubwa wako. Wadogo wapelekwe bustani ya nyoka, iliyo kwenye kiwanja hicho hicho.

Na baridi, mamangu, usiidharau. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari. Agosti mbingu hufunga asubuhi nzima, na alfajiri yaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mtoto wa pwani huanza kutetemeka kwenye miguu, kwa hiyo soksi na viatu vya kufunika, si malapa. Badala ya koti moja zito, fulana ya ndani na sweta 2 nyepesi, kwa maana saa 7 jua likitoka atataka kuvua. Leso 2 za ziada zitafaa kwa kila kitu.

Mama Twahir

Shukran sana nyote. Mbuga nimeiacha, basi. Na maji na chakula twabeba kutoka nyumbani? Na kurudi, treni ile ile ya saa 9?

Mwana Langoni (Lamu)

Bebeni, lakini maji yawe kwenye chupa za chuma au zile za kutumia tena. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, mtaambiwa mziache getini. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa. Tumbili wa Lang'ata akiona hamri mkononi mwa mtoto hamwombi.

Dereva wa Barani

Kurudi, hapana. Ya saa 9 yawafikisha Miritini usiku, na kupata gari la Malindi saa hiyo, na watoto wamelala begani, ni mateso. Pandeni ile ya saa 2 asubuhi. Yasimama stesheni nyingi njiani, lakini mwafika Miritini mchana, na kabla ya isha mko Shella. South C tokeni saa 12, mzigo ukiwa umefungwa tangu jana yake, kwa sababu Syokimau mstari wa mbwa na mizigo uko vile vile.