Ulimwengu zaidi ya mmoja: mdogo wangu ana mdahalo Ijumaa, nisaidieni

Dada_Kisauni: Asalaam aleikum wakuu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Klabu yao ya sayansi ina mdahalo Ijumaa: "Sayansi imethibitisha kuwa kuna ulimwengu mwingine." Kapangiwa upande wa kuunga mkono, na tegemeo lake ni video moja ya simu eti NASA waliupata huko Antaktika, wakati unarudi nyuma! Mimi kazi yangu ni hesabu za bandarini, haya siyajui. Ushahidi upo?

Fundi_Tudor: Hiyo video aifute. Chombo chenyewe kinaitwa ANITA, ni antena zilizoning'inizwa kwenye puto kunasa mawimbi ya redio yanayotokea chembe zinapogonga barafu. Kilinasa ishara chache za ajabu, kama chembe zinazotoka ardhini kwenda juu. Mwaka 2020 magazeti ya udaku yakadaka dhana moja, ya ulimwengu ambao wakati unarudi nyuma, yakaita ugunduzi. Watafiti hawakusema hivyo.

Mzee_wa_Baraza: Mtihani wa KCSE hauulizi hayo. Afanye hesabu.

Maalim_Fizikia: Mzee wangu, muache kijana, utamu wa fizikia uko hapo hapo. Dada, ushahidi wa moja kwa moja hakuna. Ila wazo halikuokotwa. Mwaka 1981 mwanafizikia Alan Guth alipendekeza kuwa ulimwengu ulipanuka kwa kasi ya kutisha ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde yake ya kwanza. Hilo linaeleza vizuri kwa nini mionzi iliyosalia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), mwanzo wa ulimwengu, ina joto karibu sawa kila upande wa anga. Kisha wanafizikia Vilenkin na Linde wakaonyesha kuwa upanukaji huo ukianza huenda usikome kila mahali. Hapa unakoma, kule unaendelea, na kila unapokoma hutokea ulimwengu, kama mapovu ya uji jikoni. Basi povu la jirani likigonga letu si litaacha alama? Mwaka 2011 watafiti wa London walizitafuta alama za duara kwenye data ya WMAP, setilaiti iliyopima mionzi hiyo iliyosalia. Hawakupata cha kutegemea, lakini angalau swali lilipimwa.

Kwantamu_001: Na mwanafizikia Hugh Everett, 1957? Kwake kila tokeo linalowezekana la kipimo cha kwantamu, yaani fizikia ya chembe ndogo mno, hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu.

Maalim_Fizikia: Sawa, ila hesabu zake hutabiri yale yale ya tafsiri ya kawaida ya kwantamu, isiyo na matawi. Maabara itazitenganishaje?

Dada_Kisauni: Sasa yeye aseme nini? Upande habadilishiwi.

Maalim_Fizikia: Amuombe mwalimu neno "imethibitisha" liwe "ina sababu za kuamini". Akikataliwa, aanze na mwanafizikia Steven Weinberg. Mwaka 1987 alisema hivi: kama kuna ulimwengu mwingi wenye nishati tofauti za anga tupu, wetu utakuwa na nishati ndogo, kwa kuwa ikizidi galaksi haziumbiki, na sisi hatupo. Mwaka 1998 wanaotazama nyota zinazolipuka wakakuta ulimwengu unapanuka kwa kasi inayozidi, dalili kuwa nishati hiyo ipo, tena ndogo kweli. Hoja nzito kuliko hiyo upande wake hauna. Wapinzani watamuuliza ni kipimo gani kingeonyesha kuwa dhana ni uongo. Hapo asibabaishe, ataje utafiti wa 2011 na akiri umetoka mtupu. Majaji wataona kijana kasoma.

Fundi_Tudor: Na Antaktika asiitaje kabisa.