Kujitolea redio ya jamii, fildi kwenye redio kubwa au podikasti: kipi kinafundisha kutengeneza vipindi?

Binti_Chanika
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari, nipo nyumbani Chanika, na nina njia tatu mkononi. Redio ndogo ya jamii huku pembezoni imekubali nikajitolee: mshahara hakuna, nauli "ikipatikana". Redio kubwa ya biashara kule Mikocheni inanipokea kwa mazoezi ya kazi, yaani fildi, nayo bila malipo, ila jina lake kila mtu analijua. Na kuna rafiki yangu mwenye maiki na kompyuta, anataka tuanzishe podikasti. Mimi napenda kutengeneza vipindi kuliko kusoma habari. Mama anasema niende penye jina. Mliopita huko mnasemaje?

Kaka_Tabata
Mama yuko sahihi. Jina linafungua milango. Uzi ufungwe.

Mzee_wa_Mawimbi
Marahaba binti. Usifunge uzi bwana Tabata, hiyo milango unayoisema wengine tumeiona mpaka nyuma yake.

Redio kubwa ina watangazaji wenye majina, watayarishaji wao, na foleni ya vijana wa fildi kutoka kila chuo. Utakata sauti za mahojiano, utapokea simu za wasikilizaji, utawapokea wageni getini. Kazi halali kabisa hizo, na utaona mambo yanavyoendeshwa kwa viwango. Ila kukabidhiwa kipindi, sahau. Redio ya jamii haina watu. Unaanza kwa kukaa pembeni kuangalia, siku mtangazaji akiamka na homa kiti ni chako.

Mimi nilijitolea kwenye kituo cha namna hiyo, kipindi cha kina mama. Kabla ya hapo nilidhani kipindi cha saa moja ni saa moja ya kuongea. Toa habari fupi, toa jingo (kile kipande cha muziki cha kutambulisha kituo), toa tangazo la mnada na la aliyepotelewa na vyeti, toa nyimbo, unabaki na kama nusu saa ya mada yenyewe. Hiyo nusu saa ndiyo yenye kazi. Ukisema "leo tunazungumzia usafi wa mazingira" watu wanahamia stesheni nyingine. Nenda kwenye mtaro ulioziba, rekodi mama lishe anayepika pembeni yake, halafu mpeleke mtendaji wa kata sauti ile aisikie kabla hamjapanda hewani. Akikubali kuja studio, una kipindi. Akikataa, utasema hewani kwamba mlimtafuta, na kipindi bado unacho. Lakini usimtafute nusu saa kabla ya muda halafu useme hakupatikana. Huo ni uonevu, na wasikilizaji wa mtaani wanamjua, watakuumbua.

Kipindi chetu kilipangwa saa kumi na mbili asubuhi, muda ambao mama anamfukuzia mtoto viatu vya shule. Simu hazikuingia. Tulipokipeleka saa nane mchana, mafundi cherehani na wauza genge wakaanza kupiga, na wengine hawakuwa kina mama hata kidogo. Tuliwaacha wachangie. Ratiba kama hiyo huwezi kuigusa kwenye redio kubwa, pale ratiba inafuata wadhamini.

Dada_Temeke
Mzee nakuheshimu, lakini umeruka neno moja. "Ikipatikana" maana yake haipatikani.

Mdogo wangu, piga hesabu kwanza. Nauli ya kwenda na kurudi, chai, na bando la kutafutia mada na kuwapigia wageni, maana simu ya ofisi mara nyingi haina salio. Mikocheni kutoka Chanika unaondoka alfajiri, unapita Gongo la Mboto na foleni yake, unarudi usiku. Huku karibu utaokoa angalau hilo. Ila kuwa karibu kusikufanye ufanye kazi kama mwajiriwa bila barua. Mimi kuna kituo, sikitaji, kipindi nilichokiandaa kilipata mdhamini, matangazo yakalipwa, na mimi niliendelea kukopa nauli. Nilipouliza nikaambiwa nijivunie kuhudumia jamii.

Dai barua yenye siku zako za kazi, majukumu, nauli ya kiasi gani na inalipwa lini, na cheti mwisho wa muda. Kituo kisichoweza kuandika ukurasa mmoja hakitakuandikia na cheti.

Fundi_Antena
Naongezea upande wa mitambo na leseni, maana watu wanaita kila redio ndogo "ya jamii". TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inatofautisha leseni ya jamii na ya biashara. Uliza kituo chako kina ipi, nani anakimiliki, na kama wananchi wana sauti kwenye uendeshaji wake. Ukikuta ni redio ya tajiri mmoja iliyopewa jina la jamii, basi unamjengea tajiri bure.

Zile redio za jamii zinazosifiwa nyingi ziko mikoani: Orkonerei ya Terrat, Simanjiro, iliyoanza 2002, Pangani FM, Sengerema FM. Bendi ya FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108, na kwa Dar zungusha redio yako uone ilivyojaa. Lakini hujataja Redio Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 106.5, wala Radio Tumaini ya Jimbo Kuu Katoliki, iliyopo tangu 1994. Zote mbili si za biashara. Peleka barua huko pia, kukataliwa hakuna gharama.

Kwenye kituo kidogo utajifunza miksa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, kwa lazima, kwa sababu unatangaza na kuendesha mitambo mwenyewe. Utajifunza kufunga maiki ya mgeni wakati wimbo unapigwa ili matusi yake yasisikike wilaya nzima. Halafu uliza kuhusu jenereta. Umeme ukikatika na mtambo ukazima, umeandaa kipindi cha kusikilizwa na mlinzi.

Podi_Kinondoni
Niseme la podikasti kwa kuwa ndiyo ninayofanya. Inafundisha kuhariri sauti vizuri kuliko redio, kwa sababu una muda. Tatizo ni huo huo muda: kipindi cha Jumatatu kinatoka Alhamisi na hakuna wa kukugombeza. Usiweke nyimbo za watu bila ruhusa. Na usome kanuni za TCRA za maudhui ya mtandaoni zinazotumika sasa, zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu zile za 2018, usifuate za kuambiwa. Kama mtagusa habari na siasa, soma mara mbili.

Dada_Temeke
Kingine kuhusu sifa zako. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hii, na stashahada unayo tayari. Kwa hiyo usiende kwao kama mtu anayeombaomba. Vituo vidogo vinahitaji watu wenye sifa kama wewe.

Kaka_Tabata
Haya, nafungua uzi. Lakini akikaa huko miaka asije kulalamika hapa.

Binti_Chanika
Asanteni sana. Nimeongea na meneja wa redio ya hapa jirani, leseni ni ya jamii kweli na kamati ya wasikilizaji ipo. Barua amekubali kuandika, siku tatu kwa wiki, nauli kila Ijumaa. Mlimani na Tumaini napeleka maombi pia. Podikasti tutarekodi mwisho wa wiki, mama sijamwambia bado. Naanza Jumanne. Niende na nini?

Mzee_wa_Mawimbi
Hedifoni zako mwenyewe, za pale huwa zinasikika sikio moja. Flashi. Na kuanzia leo sikiliza kituo hicho kutwa nzima, uandike saa ambazo wanapiga muziki mtupu kwa kukosa mtu. Jumanne mwonyeshe meneja hizo saa na useme unaitaka ipi.