Je, Arthur Sullivan alipoteza kipaji chake kwenye opereta?

Wakuu, naleta mada hii kwa sababu nimechoka na hukumu ileile kila jina la Arthur Sullivan, mtunzi wa muziki wa Uingereza, linapotajwa: kwamba alijaliwa kipaji kikubwa, akakiuza kwa opereta, yaani vichekesho vya kuimbwa jukwaani. Mimi naikataa. Naona waliomkosea ni wale waliomfanya aionee haya kazi yake bora.

Wengi wenu mnamjua bila kujua. "Twendeni Askari" tunaouimba kanisani, mahadhi yake ni ya Sullivan, ya mwaka 1871. Alizaliwa London mwaka 1842, mtoto wa kiongozi wa bendi ya jeshi. Akiwa na miaka 14 alipata ufadhili wa Mendelssohn, wa kwanza kabisa kutolewa, na baadaye ukampeleka kusoma muziki Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1862 muziki wake wa The Tempest ya Shakespeare ulipigwa Crystal Palace, jumba la London, na jina lake likavuma kabla hajatimiza miaka 20. Waingereza wakasema sasa tumepata mtunzi wetu wa simfoni.

Kisha ikaja opereta ya Trial by Jury mwaka 1875, maneno ya W. S. Gilbert, ikifuatiwa na H.M.S. Pinafore, The Pirates of Penzance na nyingine nyingi. Malkia Victoria alipompa cheo cha Sir mwaka 1883, wakosoaji walianza kuandika kwamba mtu wa cheo hicho hapaswi tena kutunga mambo mepesi.

Mepesi kwa nani? Sikilizeni Pirates, pale mabinti wanapowahimiza polisi waende wakafe kishujaa, huku polisi wakiimba woga wao. Kila kundi lina wimbo wake, halafu nyimbo mbili zinaimbwa kwa pamoja na wala hazigongani. Hiyo ndiyo elimu ya Leipzig ikifanya kazi. Ni ufundi uleule, ila safari hii watu wanacheka.

Karibuni tujadili.

JIBU LA KWANZA

Mleta mada, umeeleza vizuri, lakini shahidi mkuu wa upande wa pili ni Sullivan mwenyewe. Mwaka 1884 alimwambia Richard D'Oyly Carte, mwenye Savoy Theatre, ukumbi uliokuwa ukionyesha opereta zake, kwamba hawezi kuandika tena kazi ya aina ile. Kwa Gilbert alilalamika kuwa kila mara anaushusha muziki ili silabi hata moja ya maneno isipotee. Mtu aliyeridhika na kazi yake hasemi hivyo.

Tusifumbie macho suala la pesa pia. Tarehe 25 Novemba 1882, siku Iolanthe, opereta yake nyingine na Gilbert, ilipofunguliwa, alipata habari kwamba madalali waliomshikia fedha wamefilisika na pauni kama 7,000 zake zimepotea. Usiku huo aliongoza okestra kama kawaida. Miezi michache baadaye akasaini mkataba wa miaka mitano na Carte. Ukiniuliza, hapo mkono ulikuwa umefungwa. Na The Golden Legend ya mwaka 1886, kazi yake nzito ya kwaya na okestra, iliyowasisimua watu wa Leeds, inaonyesha alichoweza kufanya akiachiwa nafasi.

MLETA MADA

Nakubali alilalamika, na hoja ya maneno kuumeza muziki ni nzito. Lakini nafasi aliipata. Carte alijenga jumba jipya, Royal English Opera House, na mwaka 1891 akalifungua kwa Ivanhoe, opera nzito ya Sullivan. Ilichezwa mara 150 na zaidi, jambo kubwa sana kwa opera ya aina hiyo. Tatizo ni kwamba Carte hakuwa na opera nyingine ya Kiingereza ya kuifuatisha, akaishia kuliuza jumba. Leo linaitwa Palace Theatre, na Ivanhoe huchezwa kwa nadra mno. Lakini opereta ya The Mikado, iliyozaliwa mwaka mmoja tu baada ya yale malalamiko ya 1884, ilichezwa mara 672 katika mfululizo wake wa kwanza.

JIBU LA PILI

Mimi nafundisha kwaya, kwa hiyo naongea kwa upande wa kazi yenyewe. Sullivan aliandamwa na ugonjwa wa figo kwa miaka mingi. Pinafore, ambayo kila ukurasa wake unaruka kwa furaha, aliiandika huku maumivu yakimkata. Alifariki Novemba 1900, akazikwa St Paul's, na kabla hata nusu mwaka haujapita mkosoaji wa muziki J. A. Fuller Maitland akamwandika kama mtu aliyeisaliti sanaa. Mtunzi Elgar, ambaye hakuna anayemwita mwepesi, aliulaani uandishi ule.

Kama kweli aliidharau opereta, kwa nini hakuilipua? Kwa hadhira iliyokuja kucheka angeweza kuandika ovyo na bado ikapiga makofi. Nioneshe, ndugu yangu wa jibu la kwanza, ukurasa mmoja wa Iolanthe alioulipua.