Vidoko vinatosha kuunganisha Kihadza na Kisandawe?

Mleta mada: Wadau wa isimu, mwaka 1963 mwanaisimu Greenberg aliziingiza lugha hizi mbili za Tanzania katika familia ya Khoisan, pamoja na lugha za kusini mwa Afrika. Leo wanaisimu wengi wameivunja familia hiyo. Lugha zote hizo zina vidoko, yaani konsonanti zinazotamkwa kwa kufyatua ulimi kinywani, sauti adimu mno duniani. Kama havithibitishi undugu, kinachothibitisha ni nini? Na mwenye orodha ya maneno aanzie wapi?

Mchangiaji 1: Vidoko huazimwa, mkuu. Kizulu na Kixhosa ni Kibantu kabisa, ila vidoko vilitoka kwa majirani. Kidahalo cha pwani ya Kenya nacho kinavyo, na ni lugha ya Kikushi, jamii moja na Kisomali. Undugu huthibitishwa na ulinganifu wa sauti unaojirudia. Angalia Kiswahili na Kikuyu: *panda–handa*, *paka–haka*, *pona–hona*. Penye *p* huku, kule pana *h*, na maana ni ileile. Kisha *poa–hora*: hiyo *r* inafichua konsonanti iliyodondoka kwenye Kiswahili. Kizulu bado kinayo: *phola*. Ushahidi wa namna hii hauazimwi.

Mchangiaji 2: Kuhusu orodha: chukua maneno ya msingi 100 hadi 200, yaani viungo vya mwili, viwakilishi, vitenzi vya kila siku. Ondoa mkopo kwanza. Ukiyabakiza *sita*, *saba* na *tisa* kwenye orodha, Kiswahili kitaonekana ndugu wa Kiarabu. *Mama* na *baba* toa pia, maana midomo ya watoto huzaa maneno hayo kila mahali. Halafu kata viambishi, ulinganishe mizizi: *-tu*, si *mtu*. Wengi huharibu hapa, wanahesabu *m-* kama sehemu ya neno. Tena usidanganywe na sura: Kimbabaram cha Australia kilimwita mbwa *dog*, sawa na Kiingereza, kumbe neno limetokana na *gudaga* lililopoteza silabi ya kwanza.

Mchangiaji 3: Nirudi kwenye swali lenyewe. Kisandawe kina hoja ya maana: wanaisimu Güldemann na Elderkin wamekilinganisha na lugha za Khoe, kundi mojawapo la hizo za kusini mwa Afrika, hasa kwenye viwakilishi. Kihadza bado kinasimama peke yake. Lakini tusiseme imethibitika kwamba hakina ndugu. Sauti zikishabadilika kwa milenia nyingi, ulinganifu hufutika, na mbinu hii haina cha kushika.

Mleta mada: Nimeelewa. Basi vidoko navyo nivilinganishe kimoja kimoja ndani ya mizizi, kama *p* na *h*?

Mchangiaji 1: Ndivyo. Aina ya kidoko, mahali kilipo katika mzizi, na toni ya mzizi wenyewe.