Mdogo wangu kachaguliwa Bioteknolojia SUA na Maabara ya Tiba chuo kingine, athibitishe ipi?

Binti Muleba:

Habari za majukumu wakuu. Nina mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na kafaulu vizuri. Majina yametoka na kachaguliwa sehemu mbili: Shahada ya Bioteknolojia na Sayansi za Maabara pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, na Sayansi za Maabara ya Tiba kwenye chuo kimoja cha afya. Namba ya siri ya kuthibitisha imeshaingia kwenye simu, dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) linakaribia kufungwa, na nyumbani hakuna amani.

Baba anataka maabara ya tiba. Hoja yake ni moja, hospitali zipo kila wilaya. Mdogo wangu anang'ang'ania bioteknolojia, na sababu yake naielewa. Kibanja cha migomba cha bibi kilikufa kwa ugonjwa wa mnyauko. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva mkungu ukiwa bado mchanga, ukikata shina unatoka usaha wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Bibi aling'oa karibu migomba yote. Tangu hapo huyu binti anasema anataka kusoma kitu kitakachomfanya aujue ugonjwa kabla mgomba haujaonyesha dalili.

Mimi ndiye nitakayejazia ada pale Bodi ya Mikopo itakapoishia, kwa hiyo sihitaji ushauri wa kunifurahisha. Akimaliza anaajiriwa wapi? Na huko kazini anafanya nini hasa? Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Darubini:

Binti, mimi nipo maabara ya hospitali ya wilaya, nakaribia kustaafu. Jambo moja mlijue kabla hamjabonyeza chochote. Hizo shahada mbili zina neno "maabara" zote, lakini zinaelekea kwingine kabisa. Aliyesoma maabara ya tiba anasajiliwa na Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya, na bila usajili huo hupewi dhamana ya kutoa majibu ya mgonjwa. Tangazo la ajira ya afya likitoka, sifa hiyo imeandikwa pale pale. Kijana wa bioteknolojia anaweza kuijua PCR, kipimo cha kunakili vinasaba, kuliko sisi wote, na bado asiwe na sifa.

Nawaona vijana wanakuja na bahasha zao za kaki kuomba nafasi ya kujitolea, nawahurumia sana, maana hakuna aliyewaambia mapema. Kama moyo wa baba upo kwenye hospitali, basi njia ya hospitali ni ile ya pili. Asiende SUA akitegemea kurudi wodini kwa kuzunguka.

Chupa na Agari:

Dada, nimesoma hiyo hiyo anayoitaka mdogo wako. Leo nipo kwenye maabara ya miche ya tishu, kazi yangu ni migomba. Ngoja nikueleze tunachofanya ili mwenyewe aone kama anakitaka.

Asubuhi unachemsha vifaa na chakula cha mimea kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu, nyuzi 121. Halafu unakaa mbele ya kabati la hewa safi, unachukua chipukizi la mgomba mama uliopimwa ukaonekana hauna ugonjwa, unalivua ganda moja baada ya jingine mpaka unabaki na ncha ndogo nyeupe. Unaitumbukiza kwenye chupa yenye agari (utomvu wa mwani unaoganda kama jeli), sukari, madini na homoni. Ikichipua unaigawa, unaweka chupa nyingine, unagawa tena. Chipukizi moja linakupa mamia ya miche. Mwisho unaiotesha mizizi, unaitoa kwenye chupa na kuizoesha jua kidogo kidogo kwenye kitalu. Hapo ndipo miche mingi hufa mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Adui yako ni kuvu. Umepumua vibaya juu ya chupa, hujaunguza koleo sawasawa, baada ya siku chache unakuta utando mweusi na kazi ya mwezi mzima inaenda kumwagwa. Kazi hii inataka mtu mtulivu, anayeandika kila kitu, asiyeona kinyaa kurudia. Kama mdogo wako ni wa namna hiyo, nusu ya safari keshamaliza.

Lakini nimwambie ukweli kuhusu mnyauko. Mche wa tishu unatoka hapa ukiwa safi, haimaanishi una kinga. Ukiupeleka kwenye kibanja chenye ugonjwa, panga lisilosafishwa kwa jiki litauua kama ulivyokufa ule wa bibi. Nyuki nao wanaubeba kwenye ua dume, ndiyo maana wakulima wanashauriwa kulivunja kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu. Utafiti wa migomba yenye kinga upo, Uganda wameijaribu shambani ile iliyopandikizwa vinasaba vya pilipili hoho. Kwa hiyo swali lake lina watu wanaolifanyia kazi sasa hivi, na halijaisha.

Kuhusu ajira, usitafute tangazo lililoandikwa "Afisa Bioteknolojia", utakesha. Tafuta kazi yenyewe iko wapi. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana vituo vingi, Mikocheni wamebobea kwenye maabara ya vinasaba, Maruku ipo hapo Bukoba kwenu na migomba ni zao lake. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wanazalisha miche bora ya zao hilo. TVLA, wakala wa maabara za mifugo, wanatengeneza chanjo za mifugo Kibaha, ikiwemo ile ya kideri ya kuku inayodondoshwa jichoni. Kibaha hiyo hiyo kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia vipimo vya vinasaba vya binadamu kwa sheria ya mwaka 2009. Ongeza Ifakara na NIMR, taasisi za utafiti wa afya, viwanda vya bia na maziwa vinavyohitaji watu wa ubora, na TBS, Shirika la Viwango. Nafasi si nyingi, hilo sikufichi, na nyingi za utafiti ni za mkataba wa mradi. Mradi ukiisha, mnaanza kutafuta upya.

Jembe Halilali:

Bioteknolojia si ndiyo GMO, kubadilisha vinasaba vya mazao? Serikali ilishapiga marufuku. Unampeleka mtoto akasomee kitu kilichokatazwa nchini?

Mihogo ya Pwani:

Mkuu Jembe, hapo tutenganishe. Kilichosimamishwa mwaka 2018 ni majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yale ya mahindi ya kuvumilia ukame yaliyokuwa yamepandwa Makutupora, Dodoma, tangu 2016. Wapo waliotumia miaka ya ujana wao pale na iliwauma. Kwa anayetaka kufanya hasa kazi hiyo, hapa kwetu mlango ni mwembamba, asidanganywe.

Ila hiyo ni sehemu ndogo ya fani. Kupima batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi kwenye muhogo, ni bioteknolojia, na hubadilishi kinasaba chochote, unasoma tu vya virusi. Wataalamu wa Tanzania, Kenya na Uganda wameshapeleka kimashine cha kusoma vinasaba kinachoitwa MinION mpaka shambani, kinaenea kiganjani, wakasoma vinasaba vya virusi chini ya mti na mkulima akajua ndani ya saa chache mbegu yake ina nini. Mwenzetu wa mihogo akiambiwa mapema anatafuta mbegu safi msimu huo huo. Akichelewa anapanda ugonjwa shamba zima, na mizizi akiichimba anakuta imeoza ndani ilhali majani yalikuwa yanapendeza. Nimesimama na wakulima kwenye mashamba ya namna hiyo. Huyo binti anayetaka kujua kabla ya dalili, hiki ndicho anachokisema bila kukijua jina.

Aanze na kompyuta mapema. Kusoma vinasaba siku hizi si kazi ngumu, ngumu ni kuchambua kinachotoka. Programu za R, Python na Linux zinapatikana bure, na mpangilio wa vinasaba vya viumbe chungu nzima umewekwa wazi GenBank, hazina ya mtandaoni. Wanaojua pipeti, yaani kazi ya mikono ya maabara, na pia wanajua kuandika programu ni wachache, na miradi inawagombania.

Wa Juja:

Dada, salamu kutoka Kenya. Mimi nasoma uzamili hapa Juja. Mwambie asiishie kuwaza shahada ya kwanza, maana kwenye fani hii ya kwanza inakufungulia kazi za ufundi wa maabara, ukitaka kuongoza utafiti lazima uzamili na baadaye uzamivu. Chuo Kikuu cha Afrika kina taasisi yake ndani ya JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hapa Juja, ina uzamili na uzamivu wa baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, na Umoja wa Afrika unafadhili wanafunzi kutoka nchi zetu. Kwenu mna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Na huku Kenya mambo ni tofauti kidogo na Tanzania, pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili wadudu, wakulima wanaipanda, na mwaka 2022 serikali ilitangaza kuondoa katazo la GMO lililowekwa 2012, ingawa kesi mahakamani zilifuata.

Kaka wa Hessen:

Nipo Ujerumani, nafanya udhibiti wa ubora kwenye kiwanda cha dawa za kibaiolojia. Wengi wananiuliza inbox kuhusu huku, nijibu hapa mara moja. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachowashinda watu ni akaunti ya dhamana ya viza, yaani fedha za kujikimu unazoweka benki kwanza, tangu Septemba 2024 inatakiwa euro 11,904 kwa mwaka. Bila ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, au mwingine, familia isiuze kiwanja kwa ajili hiyo.

Jambo la kiwandani ambalo chuoni hawakusisitizi ni kumbukumbu. Kipimo usichokiandika kwa wakati wake, kwa wino, na sahihi yako, hakikufanyika. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika tarehe, kosa libaki linasomeka. Anayezoea nidhamu hiyo tangu mwaka wa kwanza anaajirika kwenye kiwanda chochote cha chanjo, na sasa viko karibu. BioNTech, kampuni ya chanjo ya Ujerumani, walizindua kiwanda chao Kigali Desemba 2023. Kutoka Muleba, Kigali ni karibu kuliko Dar.

Binti Muleba:

Asanteni sana, nimewasomea wazazi karibu yote. Baba kanyamaza aliposikia habari ya usajili, halafu kauliza swali ambalo nami sina jibu lake: akienda SUA, afanye nini ndani ya hiyo miaka mitatu asije akawa mmoja wa hao wenye bahasha za kaki?

Chupa na Agari:

Swali la mzee ni zuri sana, mpe shikamoo yangu.

Mafunzo kwa vitendo ya likizo asiyachukulie kama kujaza fomu. Aombe sehemu yenye ugonjwa au zao analolitaka, na barua aipeleke miezi kadhaa kabla, kwa mkono kama inawezekana. Wengi wanaomba mwishoni, wanapangiwa popote, wanaosha vyombo mpaka siku ya kuondoka. Kwa kuwa nyumbani ni Kagera, Maruku aende hata kabla ya chuo kufunguliwa, aombe kuonyeshwa kitalu na maabara. Akiwa huko awaulize wataalamu vijana walioajiriwa karibuni walisoma nini na waliingiaje.

Mradi wa mwaka wa mwisho auchague mapema na amfuate mwalimu mwenye utafiti unaoendelea, si mwenye kusahihisha kwa huruma. Barua nzuri ya mwalimu aliyekuona ukirudia jaribio mpaka likakaa sawa ndiyo iliyonipa kazi. Na Kiingereza cha kuandika ripoti akifanyie mazoezi, maombi ya ufadhili yote yanapita hapo.

Mzee wa Darubini:

Naongezea kwa baba. Kama anahofia mkataba wa miradi, hofu yake ni ya haki, wala asiambiwe ni mshamba. Wakae wote watatu, binti aulizwe swali moja: yupo tayari kuhama mkoa kufuata kazi na kusoma tena baada ya shahada ya kwanza? Akisema ndiyo kwa moyo wake, athibitishe SUA. Akisita, maabara ya tiba pia anaokoa watu, na vimelea vya malaria kwenye darubini vinahitaji jicho makini kama lake. Asisubiri siku ya mwisho tu, mtandao huwa unaelemewa.