Malindi tuitambulishe kwa sura ipi: mnara wa mgeni au rubani wetu?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu wa Malindi, swali hili limezunguka barazani kwa siku kadhaa: mji wetu ukitafutiwa nembo ya kuwavuta watalii, ichorwe nini? Wengi wanataka mnara wa Vasco da Gama, maana umeshajulikana. Mimi nakataa.

Juzi niliwapeleka wageni pale mnarani. Wakautazama ule mnara mweupe, msalaba wa mawe juu yake, bahari ikipiga miambani chini. Wakapiga picha, wakarudi kwenye tuktuk. Hakuna aliyeuliza neno kuhusu Malindi. Na wangeulizaje? Mnara unamtaja aliyekuja, aliyempokea haumtaji. Mwaka 1498 Vasco alifika hapa akitoka Mombasa alikokosana na wenyeji. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na kwa muda usiofika mwezi wakawa Calicut, Bara Hindi. Rubani, kabla neno hilo halijapanda ndege, lilikuwa la baharini: mtu ajuaye nyota, miamba na pepo. Huyo ndiye nembo yangu.

Mwenye kibanda cha vinyago: Maneno mazuri, lakini anayeninunulia ni Mtaliano. Watoto wetu wanasalimia "ciao" kabla ya "jambo". Tuseme wazi sisi ni Italia Ndogo, tule.

Mwanzisha mada: Kaka, riziki yako naiheshimu. Ila kumbuka Wataliano wengi wa mwanzo waliletwa na San Marco, kile kituo cha Italia cha kurushia roketi, hapo Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka baharini pale, ikapewa jina la Uhuru. Jina la Kiswahili likaenda angani kutoka kwetu! Mtaliano ana Italia yake nyumbani. Akija huku na kukuta tumemwigizia kwao, mwaka ujao atakuja kufanya nini?

Mama wa Ganda: Mwanangu, wewe na kibanda nyote mmeangalia baharini tu. Sisi Wagiriama tuko wapi? Mekatilili wa Menza mwaka 1913 alizunguka akicheza ngoma ya kifudu na kuwaapisha watu wasiwatii Waingereza. Wakamfungia mbali, Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Nyinyi mnamsifu aliyemwonyesha mgeni njia; mbona hamumsifu aliyemkatalia?

Mwanzisha mada: Mama, hapo umenishika, na sitajifanya nina jibu kamili. Sanamu yake tunayo mjini, lakini mwongoza watalii anamfikia mwisho, kama muda umebaki. Hilo ni kosa letu, langu pia. Kwa kupaka kwenye vibao vya barabarani bado nang'ang'ania rubani, lakini ziara ya mji ianzie kwa Mekatilili, si mnarani. Kaka wa kibanda, je, ukiwachonga hao wawili kwa mpingo, utawaweka mbele au nyuma ya twiga?